Onyesha Njia: Historia ya Kuwinda Namba Tasa Kubwa

Namba 2,147,483,647 haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote ila 1 na yenyewe. Pietro Cataldi, mwalimu wa hisabati mjini Bologna, Italia, aliyachapisha hayo mwaka 1603. Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi Saint Petersburg, Urusi, aliyarudia mwaka 1772, akiwa mzee ambaye macho yake yalikuwa karibu yamekwisha na barua zake akiandikiwa na wengine. Wote wawili walipata jibu moja, na jibu lenyewe ni sahihi. Lakini kama madaftari yao yangeletwa mezani kwangu, Euler ningempa alama zote, na Cataldi ningemrudishia lake halina hata moja.

Nilifundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa Korogwe, na waliopita mikononi mwangu wakinikuta stendi bado hunisalimia kwa maneno mawili: "Onyesha njia!" Ndivyo nilivyoandika kwa wino mwekundu kando ya kila jibu lililotokea kusikojulikana. Walinung'unika sana. Si nimepata, mwalimu? Ndiyo, umepata. Na aliyekaa nyuma yako naye kapata hilo hilo.

Tukumbushane kidogo. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzitafuta hadi mia katika kipindi kimoja, kwa kufuta vigawe vya 2, vya 3, vya 5 na vya 7. Hilo huitwa chekeche la Eratosthenes, kwa jina la mzaliwa wa Cyrene, katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Aleksandria, Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo. Kazi inakuwa ngumu namba inapokua. Kuchekecha hadi bilioni mbili kwa mkono, hakuna umri wa binadamu unaotosha.

Wapo wanaotaka historia hii ianzie huku kwetu zaidi, kwenye mfupa wa Ishango. Mfupa huo uliokotwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini, Kongo, nchi ambayo leo ukiuliza njia kwa Kiswahili utajibiwa. Una umri wa takriban miaka 20,000, na uko Brussels. Umechanjwa mistari kwa mafungu, na safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Ningependa sana iwe kweli kwamba mchanjaji alijua anachochanja. Ila safu nyingine ya mfupa huo huo ina 9 na 21, na hakuna alama inayoonyesha kwamba mtu alijaribu kugawanya chochote. Siwezi kumpa alama mtu kwa sababu tu ni wa kwetu.

Aleksandria ni habari nyingine. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alifanya pale mambo mawili ambayo hadi leo hayajapata dosari. Kwanza alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Chukua orodha yoyote ya namba tasa, zizidishe zote pamoja, ongeza 1; namba unayopata ikigawanywa kwa yoyote iliyomo kwenye orodha inabakiza 1, kwa hiyo kigawo chake tasa kimo nje ya orodha. Pili, alishughulika na namba timilifu, zile ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 na 2 na 3, 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Akaonyesha kwamba ukijumlisha 1, 2, 4, 8 na kuendelea, na jumla ikawa tasa, basi ukiizidisha kwa namba ya mwisho uliyojumlisha unapata namba timilifu. Jumla 3 inatoa 6. Jumla 7 inatoa 28. Jumla 31 inatoa 496, na 127 inatoa 8,128. Jumla hizo zote ni vipeo vya 2 vilivyopunguzwa 1. Hapo ndipo uwindaji ulipoanzia, na mpaka leo wawindaji wengi wanazunguka msitu huo mmoja.

Mtu hugundua upesi kwamba kipeo chenyewe, ile namba ndogo iliyoandikwa juu ya 2, lazima kiwe tasa ili jibu liwe tasa: 2⁴ − 1 ni 15, na 2⁶ − 1 ni 63, zote zinagawanyika. Hivyo 2, 3, 5, 7 vinafaa. Na 11? Watu wengi wa zamani waliamini nayo inafaa. Mwaka 1536 Hudalricus Regius akachapisha kwamba 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni 23 mara 89. Namba hiyo nilikuwa nawapa Kidato cha Pili kila mwaka. Walianza kwa ari, wakajaribu 3, 7, 11, 13, wakafika 17, wengine 19, kisha wakatazamana na kuandika "tasa". Kigawo kilikuwa hatua moja mbele yao.

Katika karne ya 13 Ismail ibn Fallus, mwanahisabati wa ulimwengu wa Kiarabu, aliorodhesha namba kumi alizosema ni timilifu. Saba za kwanza ni sahihi, na ya saba inahitaji 2¹⁹ − 1, yaani 524,287, iwe tasa. Ulaya haikuwa na habari. Kwa hiyo Cataldi, alipoifikia namba hiyo hiyo miaka mia tatu na kitu baadaye, aliifikia kwa jasho lake mwenyewe, na hapo ninampa heshima yake yote. Alitengeneza jedwali la namba tasa hadi 750. Kuchunguza namba hutakiwi kuvuka kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha 524,287 hakifiki 725, na chini ya hapo ziko namba tasa 128. Akagawanya. Zote zikabakiza kitu. Mwaka 1588 alikuwa ameshazimaliza 131,071 na 524,287, na hiyo ya pili ikabaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa kwa zaidi ya miaka 180.

Kama angeweka kalamu chini hapo! Lakini alikwenda mbele akasema kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya vinne, kimoja tu ndicho sahihi: 31, kinachotoa namba tuliyoanza nayo.

Aliyemkamata ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, katika barua za mwaka 1640. Fermat aligundua sheria inayofupisha kazi kwa namna ya ajabu. Ikiwa p ni namba tasa kubwa kuliko 2, kigawo chochote tasa cha 2 kwa kipeo p, toa 1, lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa p mara mbili. Kwa kipeo 23, basi, hujaribu 3, wala 7, wala 11. Unaanza na 46 jumlisha 1, yaani 47. Gawanya 8,388,607 kwa 47: unapata 178,481, hakuna baki. Mgawanyo wa kwanza kabisa! Kwa kipeo 37 unaruka kwa 74: 75 si tasa, 149 inakataa, 223 inakubali. Cataldi angekuwa na sheria hii, asingemaliza kikombe cha kahawa kabla ya kuyafuta maneno yake. Kipeo 29 kilimponyoka Fermat mwenyewe, ingawa kigawo chake, 233, kingepatikana kwenye jaribio la pili. Euler ndiye aliyekionyesha, mwaka 1738.

Na Fermat naye asitoke msafi. Sheria hiyo inategemea kanuni aliyomwandikia rafiki yake Frénicle Oktoba 1640, akaongeza kwamba angemtumia na uthibitisho kama asingeogopa kuwa ni mrefu mno. Mwanafunzi akiniandikia hivyo kwenye mtihani tungeonana ofisini. Uthibitisho ulichapishwa karibu miaka mia moja baadaye, na aliyeuchapisha ni Euler yule yule.

Katikati ya barua hizo zote alikaa Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Minimi mjini Paris. Alikuwa mtu wa kuunganisha watu: wanahisabati wa Ulaya waliandikiana kupitia kwake, na kwa utumishi huo anastahili sifa. Lakini jina lake limekwama kwenye namba hizi kwa sababu nyingine. Mwaka 1644 alitangaza kwamba hadi kipeo 257, vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakusema alijuaje. Namba ya mwisho hapo ina tarakimu 78, na Mersenne mwenyewe aliandika kwamba kuchunguza namba ya tarakimu 15 au 20 tu kungeshinda muda wote uliopo. Sasa yeye hizo 78 alizipitia lini? Alikisia. Alikosea mara tano: 67 na 257 hazimo, na akaziacha 61, 89 na 107. Ilichukua takriban miaka mia tatu kuzimaliza hesabu za ukurasa ule mmoja, na ndiyo maana ulimwengu mzima unaziita namba za Mersenne. Cataldi aliyegawanya kweli anakumbukwa na wachache.

Sasa turudi kwa Euler na 2,147,483,647. Kipeo ni 31, kwa hiyo kila kigawo tasa lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62. Euler aliongeza sharti la pili: kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Masharti yote mawili yakikutana, kigawo hakina budi kubakiza 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Kipeuo cha pili cha namba yetu kinazidi 46,340 kidogo tu. Kutoka 249 na 311 hadi huko, namba zenye sifa hiyo ni 372, na ukizitupa zisizo tasa zinabaki themanini na kitu. Mtu mwenye kumbukumbu ya Euler, aliyesifika kwa kufanya kichwani hesabu ambazo wengine walihitaji karatasi, alikuwa na kazi ya kufikika. Alipomwandikia mwanahisabati mwenzake, Bernoulli wa Berlin, mwaka 1772 alieleza masharti hayo, ili mwenye shaka agawanye mwenyewe. Hiyo ndiyo njia. Mtu wa Korogwe anaweza kuirudia leo kwa penseli katika likizo ya Desemba.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu inayozaliwa na namba hii ya Euler ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa mambo haya ni ya kushangaza tu, hayana faida, na hakuna atakayejisumbua kwenda mbele. Utabiri wake haukufika hata miaka mia.

Aliyeuvunja ni Édouard Lucas, mwalimu Mfaransa, yule yule aliyebuni fumbo la Mnara wa Hanoi. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa. Iandike uione: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Tarakimu 39. Hata kwa sheria za Fermat na Euler, kuigawanya kwa vigawo vyote vinavyowezekana ni jambo lisilofikirika. Lucas aliacha kabisa kugawanya kwa vigawo. Alitafuta jaribio la namna nyingine, ambalo Mmarekani Derrick Henry Lehmer alilisafisha mwaka 1930, nami naona ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote katika hesabu za namba. Anza na 4. Izidishe namba kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza, shika baki. Rudia hivyo mara p toa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa lolote lingine, si tasa.

Chukua kalamu tuijaribu 127, ambayo kipeo chake ni 7, hatua tano. Nne mara nne toa 2 ni 14. Kumi na nne mara yenyewe toa 2 ni 194. Gawanya kwa 127, baki 67. Sitini na saba mara yenyewe toa 2 ni 4,487, baki 42. Arobaini na mbili mara yenyewe toa 2 ni 1,762, baki 111. Na 111 mara yenyewe toa 2 ni 12,319, ambayo ni 127 mara 97 kamili. Baki 0. Imekwisha. Ukiifanyia hivyo 2,047, hatua tisa, utaishia na baki 1,736, kwa hiyo si tasa.

Hapo kuna kitu kilichonisumbua nilipokuwa kijana. Jaribio limekwambia 2,047 inagawanyika, ila halijasema neno lolote kuhusu 23 wala 89. Lucas mwaka ule ule wa 1876 alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1, ambayo Mersenne aliitaja kuwa tasa, inagawanyika. Inagawanyika kwa nini? Hakujua, na hakuna aliyejua kwa miaka 27. Je, hiyo ni njia? Nimeamua kwamba ni njia, tena kamili. Kila hatua inaweza kurudiwa. Lakini nawaelewa waliokuwa hawalali.

Mmoja wao ni Frank Nelson Cole wa New York. Inasimuliwa kwamba Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani, alikwenda ubaoni bila kusema kitu, akapiga hesabu ya 2 kwa kipeo 67, akatoa 1. Akahamia upande wa pili wa ubao akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu. Pande zote mbili zikasoma 147,573,952,589,676,412,927. Akarudi kukaa, bado kimya, na ukumbi ukapiga makofi. Simulizi hii tumeipata kwa E. T. Bell, mwandishi aliyependa kunogesha, kwa hiyo ukimya ule na makofi yale yapokee kwa tahadhari. Kuzidisha hakuhitaji tahadhari; kalamu unayo. Alipoulizwa ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Makosa yaliyobaki kwenye orodha ya Mersenne yalishughulikiwa na watu wa aina hiyo hiyo, wenye kazi zao nyingine. Kipeo 61 kilithibitishwa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, kasisi wa Kiorthodoksi wa kijijini huko Urali, Urusi. Vipeo 89 na 107 vilithibitishwa na Mmarekani R. E. Powers, 1911 na 1914. Kile cha 257 Lehmer alikiangusha kwa mashine ya kuhesabia ya mezani, kwa mamia ya saa za kazi. Kigawo chake kidogo kabisa, ambacho kilipatikana miaka mingi baadaye, kina tarakimu 15.

Rekodi ya Lucas ilisimama miaka 75. Ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana bila msaada wa mashine, na sidhani kama yupo atakayeivunja kwa masharti hayo. Mwaka 1951 Mfaransa Ferrier aliipita kwa kikokotoo cha mezani, na mwaka huo huo kompyuta ya Cambridge ikampita Ferrier. Usiku wa tarehe 30 Januari 1952, mjini Los Angeles, kompyuta iliyoitwa SWAC ilipewa programu ya Raphael Robinson wa Berkeley. Robinson aliiandika programu hiyo nyumbani, hajawahi kuiendesha mashine yenyewe, na ikafanya kazi mara ya kwanza ilipowekwa. Waliowahi kuandika programu wataelewa kwa nini nalisema hili kwa mshangao. Ile 2²⁵⁷ − 1 iliyomla Lehmer saa zote zile, mashine iliipitia kwa chini ya dakika moja, na Lehmer alikuwa msimamizi wa taasisi yenyewe. Usiku huo zilipatikana namba mbili mpya, za vipeo 521 na 607, na kabla mwaka haujaisha nyingine tatu.

Baada ya hapo ni mbio za mashine, nami mbio sizipendi sana. Chuo Kikuu cha Illinois kilipopata kipeo 11,213 mwaka 1963 kilijivunia hadi kwenye mhuri wa posta wa barua zake. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa miaka 18 huko Hayward, California, Laura Nickel na Landon Curt Noll, walipata kipeo 21,701, na gazeti la New York Times likawaweka ukurasa wa mbele. Mwaka 1996 George Woltman alianzisha mradi wa kuunganisha kompyuta za watu binafsi kupitia intaneti, GIMPS kwa kifupi, na tangu hapo karibu uwindaji wote wa namba hizi unapita humo.

Wanaouliza faida yake huwa nawajibu kwa kiasi. Nimesoma magazetini kwamba namba tasa za mamilioni ya tarakimu ndizo zinazolinda pesa zetu kwenye simu. Si kweli. Ulinzi wa mitandao hutumia namba tasa za tarakimu mamia, si mamilioni. Lakini 2⁵²¹ − 1, ile ya usiku wa SWAC, imo ndani ya mojawapo ya viwango vya usimbaji fiche vinavyotumika leo duniani. Na 2,147,483,647 ya Euler iko kazini kila mahali, kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza: ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi ya biti 32 ikiwa biti moja imewekwa kwa ajili ya alama ya chanya au hasi. Mwaka 2014 hesabu ya watazamaji wa wimbo wa Gangnam Style kwenye YouTube iliifikia, ikabidi kihesabio kipanuliwe. Kompyuta za ukoo wa Unix zinazohesabu sekunde kwa nafasi hiyo tangu 1 Januari 1970 zitaishiwa Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Hapa kuwa tasa hakuna mchango wowote. Namba ingekuwa inagawanyika, kikomo kingekuwa pale pale.

Njia ya pili ndiyo inayohitaji utasa wake. Anza na 1, zidisha kwa 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo 5, gawanya kwa 2,147,483,647, shika baki, rudia. Unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea, kama mtu anayetupa dadu asiyejali. Kwa sababu namba ya Euler ni tasa, na kwa sababu 16,807 imechaguliwa vizuri, mfululizo huo hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi kwenye 1. Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza kanuni hiyo iwe kiwango cha chini cha kuzalisha namba za kubahatisha kwenye kompyuta, na programu nyingi ziliifuata. Leo zipo bora zaidi. Hata hivyo Barlow angekuwepo ningemuonyesha.

Swali langu la wino mwekundu halikuondoka mashine zilipoingia. Lilikua. Mashine ikisema baki ni 0 baada ya kuzidisha mara milioni mia moja, nani ameiona? Mashine nayo hukosea: biti moja ikigeuka kwa joto, kila kinachofuata ni upuuzi. Ndiyo maana kwenye mradi wa GIMPS hakuna namba inayotangazwa kabla ya kurudiwa kwa kompyuta za aina nyingine na programu za waandishi wengine. Na tangu 2020 programu yao hutoa pamoja na jibu faili la uthibitisho, ambalo kompyuta nyingine hulikagua kwa sehemu ndogo tu ya kazi ya awali. Mashine, kwa maneno mengine, nayo imelazimishwa kuonyesha njia. Nililisoma hilo nikacheka peke yangu sebuleni.

Binadamu ndiye anayebaki kuwa mzito. Septemba 2015 kompyuta ya Chuo Kikuu cha Central Missouri ilipata kipeo 74,207,281, ikaripoti, na hakuna aliyeona ripoti hiyo mpaka tarehe 7 Januari 2016. Kwa sheria za wawindaji, siku ya ugunduzi ni ile ambayo mtu aliiona.

Kubwa kuliko zote ninayoijua ninapoandika haya ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Luke Durant wa San Jose, California, alikodi vichakataji vya picha katika nchi 17. Tarehe 11 Oktoba 2024 kimoja kilichoko Dublin, Ireland, kikasema huenda hii ni tasa. Kesho yake kingine, San Antonio, Texas, kikathibitisha kwa jaribio lile la Lucas na Lehmer, lenye kuanza na 4. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa tarakimu elfu tano kwa ukurasa utahitaji kurasa zaidi ya 8,200. Ni ya 52 ya aina yake kujulikana, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba za aina hii hazina mwisho. Uthibitisho wa Euclid unahusu namba tasa kwa jumla tu.

Mwenye kompyuta inayolala bure usiku anaweza kujiunga na wawindaji. Mimi ningemshauri kijana mwenye kichwa achukue mzigo mwingine. Robinson alipopita na SWAC ilidhihirika kwamba 2¹²⁷⁷ − 1, yenye tarakimu 385 tu, si tasa. Mpaka ninapoandika haya hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana, na ndiyo ndogo kuliko zote katika familia yake zilizobaki hivyo. Vigawo vifupi vimeshajaribiwa vyote. Kilichobaki, popote kilipo, kikigawanywa kwa 2,554 lazima kibakize 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7.